Tai wenye vifaa vya kufuatilia safari zao mgongoni katika anga la Kigoma na Tabora: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tai mkubwa wa kahawia anayeonekana Uvinza au Kaliua mwezi Novemba ni tai dhahabu.
Tai dhahabu hafiki huku. Wa karibu nasi wako milima ya Bale, Ethiopia. Wanaokuja kwetu ni tai madoa mdogo wa Ulaya Mashariki na tai wa nyika za Kazakhstan na Urusi, ambaye sasa yumo hatarini kutoweka. Mvua zikianza, kumbikumbi hutoka, na hicho ndicho chakula chao. Furukombe wa Ziwa Tanganyika yeye hahami.

Dhana: Wanakata bahari moja kwa moja.
Mabawa yao mapana hutegemea hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana tai madoa huizunguka Mediterania kupitia Uturuki, Israeli na Suez.

Dhana: Kifaa huonyesha tai alipo sasa hivi, kikinyamaza, tai amekufa.
Hili ndilo linalopotosha wengi. Vifaa vingi siku hizi hupima mahali kwa GPS, yaani kwa mawimbi ya setilaiti, huhifadhi vipimo, kisha huvituma kwa mtandao wa simu. Tai akiwa kwenye mabwawa ya Moyowosi au msitu wa Ugalla, mbali na minara, vipimo hubaki ndani ya kifaa na kuja kwa mkupuo akikaribia mji. Mwaka 2019 watafiti wa Urusi waliletewa ujumbe wa miezi kadhaa kwa pamoja: tai wao walikuwa Kazakhstan pasipo mtandao, wakaibukia Iran, na gharama ya ujumbe kutoka huko ikawa kubwa hadi watu wakachangishwa. Sababu nyingine ya ukimya ni manyoya kufunika paneli ya sola, betri ikaisha. Dalili ya kifo ni tofauti kabisa: vipimo vinaendelea kuja, lakini vyote kutoka sehemu ileile, siku baada ya siku.

Dhana: Mzigo ule unamtesa.
Unamtesa ukifungwa vibaya. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba kifaa na mikanda yake visizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege: tai wa kilo 1.5 asibebe zaidi ya gramu 45. Mkanda ukibana huchubua ngozi. Ukilegea, bawa hunasa. Wafungaji wazuri huunganisha mikanda kifuani kwa uzi wa pamba, ili uoze na kifaa kidondoke chenyewe.

Dhana: Ni jasusi, au ametumwa na mtu.
Kinachotumwa ni vipimo tu, kama mahali alipo na hali ya kifaa. Ukimkuta amekufa, usimguse kwa mikono mitupu, maana huenda alikula kwelea kwelea waliopuliziwa sumu. Usikate mikanda. Piga picha, andika namba ya kifaa na ya pete mguuni, tarehe na kijiji. Kama paneli imelaliwa, mgeuze kwa kijiti itazame jua, kifaa kipate chaji. Kisha toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.