Programu huria: huria si bure

Kila nikimwekea mtu Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine yake kuukuu, swali huwa lilelile: "Ami, hii ni ya bure?" Zamani nilikuwa najibu ndiyo, na papo hapo namwona mtu anaikunjia uso mashine yake mwenyewe. Hapa Lamu tumelelewa na "rahisi ghali". Cha bure ndicho cha kukikimbia kabisa. Siku hizi nasema ni programu huria, kisha naomba dakika tano.

Neno huria si geni. Tunasema soko huria, na Watanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu miaka ya 1990, ambacho wanafunzi wake hulipa ada kama kwingine. Mlango uko wazi kwa wengi, si kwamba hakuna malipo. Waingereza hapa wana taabu ambayo sisi hatuna. Neno lao moja hubeba "bure" na "huru" pamoja, na Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, hajamaliza mpaka leo kueleza kwamba alikusudia la pili. Mwaka 1998 wengine katika fani hiyo wakachoka na maelezo, wakashika jina la "chanzo wazi". Sisi maneno mawili tunayo tangu zamani, na bado tunayachanganya.

Chanzo ndicho nini? Programu huandikwa kwa maandishi ambayo mtu aliyejifunza anaweza kuyasoma, halafu hugeuzwa kuwa tarakimu za mashine. Maandishi yale ndiyo chanzo. Kampuni nyingi hukupa tarakimu, chanzo zikakificha.

Nenda Matondoni utaona kinyume chake. Fundi anaunda chombo ufuoni, mchana kweupe, na kila apitaye anaona mkuku ulivyolazwa na mataruma yalivyopangwa. Ukikinunua, utakwenda nacho utakako. Utakichungulia mpaka ndani. Ukitaka utamwita fundi wa Kizingitini akibadilishe ubao, na kikikupendeza utamwundia nduguyo mfano wake. Sasa fikiria unauziwa mashua iliyotiwa kufuli tumboni, na ikivuja, wa kuikalafati ni fundi wa muuzaji peke yake. Hakuna Mwamu wa kuitolea hata shilingi. Simu na kompyuta tunazinunua hivyohivyo, tena kwa furaha.

Haki hizo nne za mwenye chombo, yaani kutumia, kuchungulia, kugawa na kubadilisha, ndizo zinazoifanya programu kuwa huria, na leseni, yaani hati ya masharti inayofuatana na programu, ndiyo inayoziandika. Ile ya GPL, ya mwaka 1989, inaongeza sharti: ukiibadilisha programu ukaigawa, na wewe uache chanzo chako wazi. Nyingine, kama ya MIT, hazikubani hivyo. Bei haimo. Kampuni ya Red Hat ilijenga biashara yake juu ya Linux, na mwaka 2019 kampuni ya IBM ikainunua kwa dola bilioni 34 hivi. Bure gani hiyo?

Wala si mambo ya mbali. Linux aliianza Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, akisema ni ya kujifurahisha tu; leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android inayobonyezwa pale Mkunguni mbele ya ngome, hata kama simu yenyewe ina kufuli zake kwingine. Ushahidi, programu ya kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa hapahapa Kenya mwaka 2008, na chanzo chake ki wazi.

Mimi lakini nilivutwa na neno moja tu. Napiga chapa na fotokopi hapa Langoni. Siku moja bibi wa jirani alikaa kando yangu namwandikia barua, kwa programu huria iliyotafsiriwa Kiswahili. Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Mwanangu, hapa pameandikwa Okoa. Barua inazama?"

Kumbe mtafsiri alilifuata neno la Kiingereza, ambalo ni kuokoa na pia ni kuweka. Mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini chanzo kikiwa wazi, hata maneno ya kwenye kioo yamo humo. Nikajiandikisha, nikatafuta orodha ya tafsiri, nikapendekeza "Hifadhi". Baada ya siku tisa mtu nisiyejua hata nchi yake akanijibu: ahsante, ila kwa nini isiwe "Weka"? Nikamweleza kwamba kuweka unaweza kuweka popote. Kuhifadhi kuna ulinzi ndani yake, ndiyo maana tunaombeana Mungu atuhifadhi. Akaridhika, akalipitisha.

Swali lile ndilo lililonifanya nibaki. Kabla yake niliuliza jambo kwenye mradi mwingine, nikajibiwa "soma maelekezo", basi. Sikurudi. Leseni yao ilikuwa wazi, wenyewe wamejifunga.

Miradi yenye busara hutenga kazi ndogondogo na kuzitia alama kwamba zinamfaa anayeanza: tafsiri, kosa la tahajia, maelekezo yasiyoeleweka. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Chomboni hupewa upo akumbe maji. Hakuna anayemkabidhi sukani siku ya kwanza, wala hakuna anayemwacha akae kama shehena.

Na sisi wapenzi wa mambo haya tuna kosa letu, kuhubiri. Kijana mmoja alikuja kwa sababu printa yake haichapi, nikampa saa nzima ya Stallman, kwa kuwa naye alianzia kwenye printa: ile mpya ya maabara yao pale MIT, chuo cha Marekani, ilikuwa ikikwama karatasi, akataka kuirekebisha programu yake, chanzo akanyimwa. Kijana akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sasa ami, yangu itachapa leo?" Ilikuwa waya tu.

Toleo jipya lilipotoka nikamwita bibi aje alione "Hifadhi" palipokuwa "Okoa". Akavaa miwani, akalisoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Na ile barua yangu, wamejibu?"

Hawajajibu.