Moto wa njano si gesi mbovu

Jiko likianza kutoa moto wa njano na kupaka sufuria masizi, lawama zote humwangukia muuza mitungi wa Darajani: katuuzia gesi chafu! Mara nyingi masikini anasingiziwa. Ujazo mmoja wa propani, mojawapo ya gesi za mitungini, huhitaji kama ujazo 24 wa hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikipungua, moto hugeuka njano. Kinachoziba njia ya hewa ni vumbi, mafuta ya bajia, hata utando wa buibui ndani ya bomba la jiko. Funga mtungi, jiko lipoe, kisha safisha kwa brashi. Kile kitundu kidogo kinachorusha gesi usikichokoe kwa sindano. Kikipanuka, gesi itazidi. Na madirisha yawe wazi, maana moto huo wa njano hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, nayo haina harufu.