Gari la Polisi Lililostaafu: Yanayosemwa na Yaliyo Chini ya Boneti

Idara za polisi za Marekani huyapeleka mnadani magari yaliyomaliza muda wake, na kwa miaka mingi lililotawala minada hiyo lilikuwa Ford Crown Victoria Police Interceptor, sedani kubwa ya V8 iliyoundwa St. Thomas, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, hadi Septemba 2011. Waliowahi kuishi katika nchi za Ghuba wanaifahamu vizuri Crown Victoria, kwani ya kiraia iliuzwa sana huko, na ile ya mwisho kutoka kiwandani ilikuwa imeagizwa Saudia. Ndugu zetu walioko Marekani huvutiwa na gari la polisi kwa sababu ya bei yake na ugumu wake. Ni gari zuri, nami nalitetea bila kusita. Kinachonisikitisha ni kuona mtu analinunua kwa sifa ambazo halina, kisha analilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba injini ya gari la polisi ni ya pekee, na kwamba hakuna gari la kiraia linaloweza kulifuata. Ukweli ni kwamba injini yake ya lita 4.6 ni ya ukoo uleule uliofungwa katika Crown Victoria ya kawaida, Mercury Grand Marquis na Lincoln Town Car. Kuanzia mwaka 2004 ya polisi ilitoa nguvu farasi 250, ilhali ya kiraia ilitoa 224, au 239 ikiwa na ekzosi mbili. Toyota Camry ya V6 ya mwaka 2007, gari la kupeleka watoto shule, ina nguvu farasi 268, na ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 200. Ukiikanyaga Police Interceptor kutoka ikiwa imesimama, huchukua zaidi ya sekunde 8 kufika kilomita 96 kwa saa. Hata mwendo wake wa juu umewekewa kikomo na kompyuta: kwa difu ya uwiano wa 3.27 ni takriban kilomita 208 kwa saa, na kwa difu ya 3.55, ambayo huchomoka upesi zaidi, kikomo hushuka hadi kama kilomita 192, kwa kuwa difu hiyo huizungusha propela shafti kwa kasi kubwa zaidi kwa mwendo uleule.

Basi fedha za ziada zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye ustahimilivu. Gari la polisi lilifungiwa vipozaji vya ziada vya oili ya injini, ya giaboksi na ya usukani, springi na shokapu ngumu kuliko za kiraia, rimu za chuma, na alteneta kubwa ambayo katika matoleo ya baadaye ilifika ampea 200. Mtazame askari wa Phoenix, Arizona, mwezi Julai: gari limeegeshwa kando ya barabara, injini inanguruma, kiyoyozi kimefunguliwa, redio na kompyuta vimewashwa, vimulimuli vinazunguka, na hali ni hiyo tangu adhuhuri hadi jioni bila rejeta kupata upepo wa mwendo. Hiyo ndiyo kazi iliyowasumbua wahandisi kuliko kufukuza wezi, na ndiyo inayoeleza karibu kila kifaa cha ziada utakachokikuta ukifungua boneti.

Kazi hiyohiyo ndiyo inayoivunja dhana ya pili, ambayo imewagharimu wengi: kwamba maili chache kwenye dashibodi ni dalili ya gari lisilochoka. Maili huhesabu magurudumu yalivyozunguka, wala hazihesabu muda ambao injini imefanya kazi. Matoleo ya kuanzia mwaka 2006 yana hesabu ya saa za injini. Ukiwa kwenye uwanja wa mnada, omba ufunguo, ufungulie umeme bila kuwasha injini, kisha bonyeza kitufe cha maili mara kadhaa mpaka saa hizo zitokee. Tuseme umekuta maili 96,000 na saa 6,400. Gawanya: wastani ni maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24, mwendo wa baiskeli. Hakuna askari aendeshaye hivyo siku nzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya saa hizo gari lilikuwa limesimama huku injini ikifanya kazi. Ford yenyewe huwaambia wenye magari ya polisi kwamba saa moja ya namna hiyo ihesabiwe kama maili 33 hivi za barabarani. Ikiwa nusu ya zile saa gari lilikuwa limesimama, injini hiyo imeongezewa maili 105,600 ambazo dashibodi haizitaji, na jumla yake ni zaidi ya maili 200,000. Kwa bahati njema injini hii ni mvumilivu, na iliyotunzwa huzipita hesabu hizo bila shida. Lakini bei unayoitaja mnadani ni lazima ifuate saa.

Wapo wanaosema kwamba polisi huyatunza magari yao kuliko mtu binafsi. Hilo ni kweli nusu. Oili hubadilishwa kwa ratiba, na kumbukumbu za gereji mara nyingi zipo; ziombe. Hata hivyo gari lilipita mikononi mwa madereva wengi ambao hakuna aliyelimiliki, lilipanda kingo za barabara, lilifungwa breki za ghafla, na lilipokaribia kustaafu hakukuwa na sababu ya kulibadilishia bushi wala boljointi. Kwa matoleo ya 1996 hadi 2001, chunguza pia manifoldi ya plastiki iliyo juu ya injini, kwani sehemu yake inayopitisha maji hupasuka, na iliyobadilishwa hutambulika kwa kipande cha alumini upande wa mbele.

Herufi P71 katika nafasi ya tano hadi ya saba ya namba ya chesisi (matoleo ya 2010 na 2011 ni P7B) huthibitisha kwamba gari lilitoka kiwandani likiwa la polisi. Hazithibitishi kwamba lilifanya doria. Mengine yalipewa wapelelezi na wakuu wa idara, hayakutobolewa paa kwa ajili ya vimulimuli, na hayo ndiyo ya kutafuta.

Kuhusu moto, hofu ina asili yake: tangi la mafuta liko nyuma ya ekseli, na askari kadhaa walifariki kwa kuungua baada ya kugongwa nyuma kwa kasi kubwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifunga uchunguzi wake mwaka 2002 bila kuamuru gari lirejeshwe kiwandani, na Ford ikatoa ngao za kulikinga tangi. Lala chini uhakikishe zimefungwa.

Kulimiliki si kosa la jinai. Kosa ni kubakiza kinachomfanya raia aonekane askari. California, kwa mfano, inakataza hata kuendesha gari lililobaki na rangi ya polisi wa barabarani. Anayewaza kulipeleka Mombasa ajue kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na kwamba usukani wa kushoto huruhusiwa kwa shughuli maalumu tu.

Yamebaki mawili ambayo hayamo katika tangazo la mnada. Milango ya nyuma mara nyingi haifunguki kwa ndani, kwa kuwa ilikusudiwa watuhumiwa, hivyo usimkalishe mtoto huko kabla fundi hajaunganisha upya vyuma vya vitasa. Na idara nyingi ziliagiza magari yao yote yafunguliwe kwa ufunguo wa aina moja. Badilisha vitasa vya milango na swichi ya kuwashia wiki ileile unayolileta nyumbani.