“Although” na Wenzake: Kwa Wanaowaandikia Wageni Kiingereza Hapa Lamu

Mgeni aliye London amekata tiketi ya ndege ya kushuka Manda. Kabla hajafunga mizigo, unamfikia ujumbe kutoka nyumba ya wageni hapa Lamu: “Even though the flight is cancelled, our boat will pick you up at Mokowe.” Mwenye nyumba alikusudia kumtuliza. Alitaka kusema kwamba hata ikitokea ndege ifutwe, na mgeni alazimike kuja kwa barabara, mashua itamngoja gatini Mokowe. Mgeni atasoma jambo jingine kabisa: kwake yeye ndege imeshafutwa, na hakuna aliyemwarifu ila mwenye nyumba. Saa hiyo hiyo atapiga simu kwa shirika la ndege.

Lililotakiwa pale ni “even if”. “Even though” hutaja jambo ambalo ni kweli tayari. “Even if” hutaja linaloweza kutokea au lisitokee. Kiswahili nacho kina “ingawa” upande mmoja na “hata kama” upande wa pili, kwa hiyo mtu angedhani hapana tatizo. Lakini tukizungumza, “hata kama” tunalitumia kotekote. Tunasema “hata kama ni mkubwa wangu, hapa amekosea”, na huyo tunayemsema ni mkubwa wetu kweli, si wa kudhania. Kiingereza cha kuandika hakitoi nafasi hiyo. Kabla ya kuchagua, jiulize kama jambo lenyewe limeshakuwa. Limekuwa, andika “even though” au “although”. Bado halijulikani, andika “even if”.

Katika barua na maombi ya kazi tunayosahihisha sisi walimu wa lugha, hata hivyo, kosa linaloongoza si hilo. Ni hili: “Although the sea is rough, but the boat will leave.” Chanzo chake kinaonekana wazi, kwa kuwa kwa Kiswahili mtu husema “ingawa bahari imechafuka, lakini mashua itaondoka” na hakuna anayeshtuka. Wapo wahariri wanaoikata hiyo “lakini”. Mimi naiachia, maana humpa msomaji pumzi pale sentensi inapogeuka. Kiingereza cha leo kinaikataa kwa sababu ya muundo: “although” imeshakifanya kishazi chake kuwa tegemezi, nacho kinangoja kishazi huru cha kukibeba. “But” kazi yake ni kuunganisha vishazi viwili vilivyo sawa. Ukiziweka zote mbili, hakuna kishazi kinachosimama peke yake. Chagua moja: “Although the sea is rough, the boat will leave”, au “The sea is rough, but the boat will leave.”

Anayetaka mkazo zaidi atie “still” baada ya “will”. Hicho ni kielezi, hakigombani na kiunganishi. Na msomaji makini wa maandishi ya zamani atanikumbusha kwamba “though” na “yet” hukutana katika sentensi moja, kama katika tafsiri ya Kiingereza ya Biblia ya 1611. Ni kweli. Muundo huo bado si kosa, ila una harufu ya kale, na barua ya kumwambia mgeni bei ya chumba haiuhitaji.

Sasa tuje kwa “despite” na “in spite of”. Hivi si viunganishi, ni vihusishi, kwa hiyo hufuatwa na nomino au kitenzi chenye “-ing”, kamwe si sentensi nzima. “Despite the rough sea” ni sawa. “Despite the sea was rough” si sawa. Na “despite of” haipo. Hiyo “of” huchomoka katika “licha ya”, au huazimwa kwa jirani yake “in spite of”, ambayo huandikwa kwa maneno matatu, si mawili wala moja. Ukijikuta unaandika “despite the fact that”, hujakosea, lakini umezunguka mji mzima kufika nyumba ya pili, “although” ingekufikisha.

Kuna mtego mwingine kwenye “-ing”. Soma hii: “Despite arriving late, the cook served the guests dinner.” Aliyekusudiwa kuchelewa ni wageni. Kiingereza kinamtupia mpishi, kwa sababu mtenda wa “arriving” huchukuliwa kuwa ndiye mtenda wa kishazi kikuu. Mpishi apewe haki yake: “Although the guests arrived late, the cook served them dinner.”

Kisha kuna sura ya pili ya “licha ya”. Tunasema “licha ya kuwa nahodha, yeye pia ni fundi wa mashua”, na hapo hapana kinyume chochote. Tunaongeza sifa juu ya sifa. Kijana akiiandika barua yake ya kuomba kazi “Despite being a captain, I am also a boat builder”, mwajiri atadhani unahodha ni aibu anayojaribu kuifunika. Hapo panatakiwa “besides” au “in addition to”. “Pamoja na” hutupindua kwa upande wa pili: “pamoja na kuumwa, alikuja kazini” ni kinyume halisi, na “together with being sick” haimwambii Mwingereza lolote. Andika “Despite being sick, he came to work.”

Haya yote ni ya usahihi. Lililobaki ni la ufundi, na ndilo linaloleta au kufukuza wateja. Sentensi mbili hizi zina habari zile zile:

“Although the house is close to the sea, it has no air conditioning.”

“Although it has no air conditioning, the house is close to the sea.”

Zote ni sahihi, na hakuna iliyodanganya. Lakini ya kwanza inamwacha mgeni akiwaza joto, na ya pili inamwacha akiwaza bahari. Kilicho ndani ya “although” kimekiriwa na kupitwa. Kishazi kikuu ndicho msemaji anachokisimamia, hasa kikiwa mwishoni. Kwa hiyo kasoro itie ndani ya “although”. Usiifiche, maana mgeni ataikuta, na maoni atakayoandika mtandaoni yatakuwa na “although” ya kwake.

“However” ina adabu yake. Watu wengi huiweka baada ya koma kama “but”: “The sea is rough, however the boat will leave.” Haifai. Mbele yake weka nukta au nukta-mkato, nyuma yake koma: “The sea is rough. However, the boat will leave.” Na kinyume chake, usitie koma baada ya “although”. “Although, the room is small” tunaiona kila siku kwenye matangazo. “Though” mwishoni mwa sentensi iache kwa mazungumzo na WhatsApp.

Wanafunzi wa kidato cha nne watayakuta haya kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, katika sehemu ya sarufi yenye alama 15 kati ya 80, ambapo huambiwa waandike sentensi upya kwa kufuata maagizo. Kugeuza “although” kuwa “despite” ni zoezi linalofaa kulifanyia mazoezi mapema.

Limebaki “notwithstanding”. Kwenye barua ya kawaida liache. Linamfanya kijana aonekane amevaa koti la babu yake. Lakini wenye nyumba wanaokodisha kwa wageni kwa miaka mingi watalikuta kwenye mkataba, na huko si pambo. “Notwithstanding clause 6, the tenant may build on the roof” maana yake kifungu cha 6 kimenyamazishwa: hata kama kinakataza ujenzi, mpangaji atajenga juu ya dari. “Subject to clause 6” ni kinyume chake. Hapo kifungu cha 6 ndicho chenye nguvu, na ruhusa ya mpangaji iko chini yake. Kabla ya kutia sahihi, fungua kifungu kilichotajwa ukisome sambamba na hicho ulichoonyeshwa, na ikiwa bado hujui kipi kinashinda, mpelekee wakili.