Kukopi kwa kasi hakupunguzi sauti

Jumamosi mwalimu wa kwaya alivuka na feri ya Kamanga, akaja studio kwangu Kirumba na flashi 30 tupu na moja yenye nyimbo. Kabla sijachomeka, akasema: "Kaka, nakuomba ukopi polepole, ukikimbiza sauti inachuja." Mwezi huu ni mtu wa nne. Safari hii naandika.

WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, ni namba: kwa ubora wa CD ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde kila upande, kushoto na kulia, kila moja biti 16. Namba ikifika, imefika. Kosa la kukopi halipunguzi besi wala halififishi soprano. Linaleta mkwaruzo, ukimya, au faili haifunguki kabisa. Ukiwa na shaka, linganisha SHA-256 za faili zote mbili, yaani alama ya utambulisho ambayo kompyuta inakokotoa kutoka kwenye faili. Zikifanana, hakuna la kubishania.

Imani hii ilitoka kwenye kaseti, na huko ilikuwa kweli. Deki ikidabu kwa kasi mara mbili, mitetemo 10,000 kwa sekunde inakuwa 20,000, na hedi, kile kichwa kinachorekodi kwenye utepe, haishiki vizuri huko juu. Ndiyo maana kayamba zilitoka butu. Wazee wetu walisikia kwa masikio yao, hawakudanganywa na mtu.

CD ya muziki ndiyo inanisumbua. CD ya data ina ngazi ya ziada ya kusahihisha makosa; ya muziki haina. Michubuko ikizidi, draivu inakisia sampuli iliyopotea kwa kuangalia jirani zake, tena kimyakimya. Kwa hiyo CD iliyochubuka siisomi kwa 52x (mara 52 ya kasi ya kawaida ya kupiga CD), napunguza kasi. Na kuchoma je? Wengi wanaapa kwa 1x, ila CD tupu za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na 1x inaweza hata kuongeza makosa. Mimi nachoma 16x. Lakini nimeona CD za boksi moja zikitofautiana, kwa hiyo hapo siapi.

Kinachoniuma ni hiki: mwalimu huyo aliyeogopa kasi aliniletea MP3, faili zilizobanwa, za kilobiti 128 kwa sekunde, yaani takribani sehemu moja ya kumi na moja ya data ya CD, akataka nizibane tena ili flashi ibebe nyimbo nyingi. Kila ukibana upya unatupa kingine, na hakirudi hata ukikopi kutwa nzima. Nilimwomba WAV za mwanzo. Ziko kwenye kompyuta ya kanisa. Atavuka nazo Jumatano.