Kunasa mawimbi ya graviti kwa pulsa: kila kosa lina alama yake

Kunasa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko midogo ya nafasi na muda, kukitajwa, wengi huifikiria LIGO, kituo cha Marekani: leza, vioo, na mikono miwili ya kilomita 4 iliyokutana kwa pembe mraba. Kwa mashimo meusi madogo yanayogongana, chombo hicho kinafaa kabisa. Wimbi la tarehe 14 Septemba 2015 lilipita kwa chini ya sekunde moja. Mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi, yenye masi sawa na mamia ya mamilioni ya Jua, ni habari nyingine. Yanapozungukana mawili, kilele kimoja cha wimbi hufuatwa na kingine baada ya miaka. Hakuna kioo kitakachoning'inia kimya kwa muda huo, kwa sababu ardhi yenyewe haitulii. Kwa mawimbi hayo tunatumia darubini za redio na pulsa.

Pulsa ni nyota ya nyutroni (kiini kilichosongamana cha nyota iliyolipuka) inayojizungusha na kutupitishia mwali wa redio kila inapozunguka. Zinazotufaa ni zile za milisekunde. Ya kwanza kugunduliwa, B1937+21, iliyoonekana kwa darubini ya Arecibo mwaka 1982, hujizungusha mara 642 kwa sekunde. J0437−4715, iliyo jirani kwa umbali wa miaka ya nuru kama 510, hutoa pigo kila baada ya milisekunde 5.757. Hiyo ni mizunguko karibu bilioni 5.5 kwa mwaka, na hesabu yetu hairuhusiwi kupoteza hata mmoja kati ya kipimo na kipimo.

Wimbi la graviti likipita, mapigo huwahi au huchelewa kidogo. Kiasi tunachokitafuta ni nanosekunde mia kadhaa, tena zilizotandazwa kwa miaka 10 au 15. Shida ni kwamba mambo mengi sana yanaweza kulichelewesha pigo kwa kiasi hicho. Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa ya uhasibu zaidi kuliko ya uvumbuzi. Lazima ujue kila kosa linaacha alama gani, ulitenge, kisha uangalie kilichobaki.

Kutoka antena hadi muda wa kufika

Kwa kawaida pulsa moja huangaliwa kwa dakika 20 au 30, kisha hurudiwa baada ya wiki mbili hadi nne. Volteji inayotoka kwenye kipokezi hubadilishwa kuwa namba, na jambo la kwanza la kushughulikia ni mtawanyo. Elektroni zilizo kati ya nyota huyachelewesha mawimbi ya redio ya masafa ya chini kuliko ya juu. Kuchelewa huko, kwa milisekunde, ni 4.15 mara jumla ya elektroni njiani (parseki kwa sentimita ya ujazo), gawanya kwa kipeo cha pili cha masafa katika gigahezi. J0437 ina jumla ndogo sana, 2.64 tu. Hata hivyo, kwenye bendi ya MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, ya megahezi 856 hadi 1712, pigo la chini hufika milisekunde 11 baada ya la juu, karibu mizunguko miwili mizima ya nyota. Ukijumlisha chaneli zote bila kusahihisha, pigo linafutika.

Usahihishaji huo hufanywa kwenye volteji yenyewe, kabla ya kugeuzwa kuwa nguvu, kwa kichujio kinachotengua kile ambacho elektroni zimefanya. Ukisubiri hadi baada ya hapo utakuwa umeweka tu chaneli katika mstari. Ukungu uliomo ndani ya kila chaneli hautoki tena.

Kisha mapigo hukunjwa: maelfu hulazwa moja juu ya jingine kwa kufuata kipindi kilichotabiriwa, hadi lipatikane pigo la wastani. Kabla ya kulipima, ondoa mwingilio. Satelaiti za GPS hutangaza karibu na megahezi 1227 na 1575, vifaa vya kupima umbali vya ndege hukaa kati ya 960 na 1215, na satelaiti za simu za Iridium huanzia 1616. Adui mwingine yuko nyumbani: mwaka 2015 ilibainika kwamba milipuko ya ajabu iliyokuwa ikiisumbua darubini ya Parkes, Australia, ilitoka kwenye oveni za maikrowevu zilizofunguliwa kabla hazijamaliza kazi.

Pigo safi hulinganishwa na kigezo kisicho na kelele, na tofauti ya fezi (mahali pa pigo ndani ya mzunguko) ndiyo inayotupa muda wa kufika. Kosa lake ni takriban upana wa pigo ugawanywe kwa uwiano wa ishara na kelele. Pigo la mikrosekunde 100 lenye uwiano wa 100 litakupa mikrosekunde 1, na kuongeza muda wa kuangalia mara nne kutalipunguza kosa hilo nusu. Usisahau kusahihisha kipokezi kwa diodi ya kelele kwanza. Pande mbili za upolarishaji (mielekeo miwili ya mtikisiko wa wimbi la redio) zisipolingana, umbo la pigo hupinda, na kigezo huusoma mpindo huo kama muda.

Darubini kubwa hupunguza kelele, lakini kuna ukuta haiwezi kuuvuka. Kila pigo la pekee lina umbo lake, na wastani hutulia kwa wingi wa mapigo tu. Kwa J0437 mtikisiko huu ni kama nanosekunde 50 kwa saa nzima ya kuangalia, uwe na sahani ya mita 64 au ya mita 500. Kwa pulsa angavu namna hiyo, kuelekeza antena zote 64 za MeerKAT ni kupoteza nguvu. Bora kuzigawa makundi ziangalie pulsa tofauti kwa wakati mmoja.

Saa, Jua na Mshtarii

Muda wa kufika huandikwa kwa saa ya kituo, ambayo kwa kawaida ni saa ya atomi ya hidrojeni (maser). Saa hiyo hulinganishwa na GPS, kisha na muda wa dunia wa UTC, na mwishowe na kipimo cha muda cha TT (Terrestrial Time) kinachotolewa na BIPM, ofisi ya kimataifa ya vipimo. Faili la saa likiwa la zamani, programu ya kuchambua muda wa pulsa kama Tempo2 itatoa onyo na kuendelea na kazi bila kusahihisha. Onyo hilo hupita haraka kwenye skrini, nawe unabaki na mteremko usioeleweka kwenye pulsa zote.

Baada ya saa, kipimo huhamishwa kutoka Dunia hadi kitovu cha masi cha Mfumo wa Jua. Kuchelewa kwa njia hiyo hufika sekunde 500, kwa hiyo lazima tujue mahali ilipo kila sayari nzito. Nuru husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde, hivyo kosa la mita 100 katika mahali pa kitovu hicho ni nanosekunde 333, kiasi kilekile tunachokiwinda. NANOGrav, mradi wa Amerika Kaskazini wa kunasa mawimbi haya kwa pulsa, uliliona jambo hili wazi katika data yake ya miaka 11: matokeo yalibadilika kwa kubadilisha tu toleo la jedwali la mahali pa sayari la JPL, maabara ya NASA. Mshtarii ndiye mshukiwa mkuu. Chombo cha Juno, kilichofika huko mwaka 2016, kimesaidia mno kunyoosha hesabu zake.

Elektroni hazikai mahali pamoja

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kusahihisha mtawanyo mara moja hakutoshi, kwa sababu pulsa, Dunia na mawingu ya gesi yaliyo kati yake vyote viko mwendoni. Jumla ya elektroni ikibadilika kwa 0.0001 tu, pigo la gigahezi 1.4 husogea nanosekunde 212. Badiliko la namna hiyo ni la kawaida kabisa, na kama likitambaa polepole kwa miaka linafanana mno na wimbi la graviti.

Linasalitiwa na rangi yake. Ucheleweshaji wa elektroni hukua kwa kinyume cha kipeo cha pili cha masafa, ilhali wimbi la graviti husogeza masafa yote sawasawa. Pima basi kwa bendi mbili zilizo mbali au bendi moja pana sana. Ni kosa kupima bendi ya chini leo na ya juu wiki tatu baadaye, kwani njia imeshabadilika na utakuwa unalinganisha anga mbili. Mradi wa India, InPTA, umelitatua vizuri: antena za darubini yake ya uGMRT hugawanywa, na megahezi 300–500 hupimwa wakati mmoja na 1260–1460. Pulsa inapokaribia Jua angani, upepo wa Jua huongeza elektroni zake, na mara nyingi vipimo vya siku hizo huachwa kabisa.

Lakini kila chenye rangi si mtawanyo. Aprili 2021 pulsa J1713+0747, mojawapo ya zile bora, ilibadilisha ghafla umbo la pigo lake. Badiliko lilitegemea masafa, ila si kwa kanuni ile ya kipeo cha pili. Ukiiachia programu ilirekebishe kama elektroni, itakuletea namba nzuri isiyo na maana, na kosa litahamia kwenye mabaki ya masafa mengine.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Mita 20 za kebo ni karibu nanosekunde 100. Ukibadilisha kebo au kompyuta ya kupokelea, endesha ya zamani na mpya pamoja kwa miezi kadhaa, vinginevyo kila pulsa itahitaji mruko wake wa kukisia.

Kile ambacho hesabu yenyewe inakula

Ili kutabiri mapigo tunakadiria kipindi cha pulsa, kasi inayopungua, mahali pake angani, mwendo wake, umbali wake, na obiti kama ina mwenzi. Makadirio haya humeza sehemu ya wimbi. Kipindi na upungufu wake hufuta mteremko na mkunjo wowote mrefu kuliko muda wa data. Kwa miaka 15, masafa ya chini kabisa tunayoyaona ni kama nanohezi 2. Mahali pa pulsa hufuta chochote chenye kipindi cha mwaka mmoja, na umbali hufuta cha nusu mwaka.

Jozi ndizo zinazoamua

Baada ya yote hayo, pulsa moja bado haithibitishi kitu, maana nyota yenyewe inaweza kuyumba kidogo katika mzunguko wake. Ushahidi uko katika kulinganisha pulsa mbilimbili. Saa ya Dunia ikikosea, pulsa zote huchelewa pamoja, popote zilipo angani. Kitovu cha Mfumo wa Jua kikikosewa, upande mmoja wa anga huwahi na wa pili huchelewa. Wimbi la graviti lina umbo jingine, lililokokotolewa na Ronald Hellings na George Downs mwaka 1983: pulsa zilizo karibu hukubaliana, zilizoachana kwa digrii kama 82 hupingana, na zilizo pande mbili za anga hukubaliana tena, ila kwa nusu ya nguvu ya zile za karibu.

Ndiyo sababu tangazo la NANOGrav la mwaka 2020 halikudai wimbi. Kelele ya pamoja kwa pulsa zote ilikuwepo, mkunjo huo wa Hellings na Downs haukuwepo bado. Juni 2023 mkunjo ulijitokeza katika pulsa 67, ambazo hutoa jozi 2,211, kwa uhakika wa sigma 3.5 hadi 4 (sigma ikiwa kubwa, uwezekano wa bahati tu ni mdogo). Makundi ya Ulaya na India, Australia, na China yalitangaza yao wakati huohuo, kila moja kwa uhakika wake. Jaribio ninaloliamini kuliko mengine ni lile la kuchanganya mahali pa pulsa kimakusudi na kurudia hesabu mara maelfu. Mkunjo ukiendelea kutokea hata anga likiwa la uongo, basi ulikuwa wa uongo tangu mwanzo. Sigma 5, kiwango ambacho LIGO ilikivuka kwa wimbi lake la kwanza, hakikuwa kimefikiwa na kundi lolote.

Kukifikia, kuongeza pulsa kunalipa haraka kuliko kusubiri. Wimbi likishatawala masafa ya chini, nguvu ya ushahidi hukua kwa idadi ya pulsa lakini kwa kipeo cha nusu tu cha muda. MeerKAT ilitumia njia hiyo, ikaangalia pulsa 83 kwa miaka 4.5. Ila pulsa mpya haichangii siku inapoingizwa: chini ya miaka mitatu hivi, makadirio ya mahali na umbali wake bado yanameza karibu kila kitu. NANOGrav ilikuwa na pulsa 68 katika data ile ya 2023, na ya 68 iliachwa nje kwa sababu hiyo.