Jiki si dawa ya harufu ya trei ya paka
Wengi wanaofuga paka ndani ya nyumba huamini kwamba trei ya mchanga ikianza kunuka, dawa yake ni kuimwagia jiki mpaka harufu ya klorini iifunike ile ya mkojo. Imani hiyo ni potofu, tena ina hatari. Mkojo wa paka una yurea, ambayo bakteria huivunja ikawa amonia, na hiyo ndiyo inayochoma pua mtu akiinama juu ya trei. Amonia ikikutana na jiki hutoa gesi ya kloramini, inayowasha macho na koo na kudhuru mapafu, hasa katika choo kidogo kisicho na dirisha.

Harufu huisha chanzo chake kikiondolewa: kuzoa kinyesi na mabonge ya mchanga uliolowa kila siku, na mara kwa mara kumwaga mchanga wote, kuosha trei kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, kisha kuianika ikauke kabisa. Manukato, kusema kweli, humpendeza mwenye nyumba tu. Paka, mwenye pua kali kuliko yetu, huenda akaikimbia trei na kuhamia kwenye zulia. Trei ya plastiki iliyojaa mikwaruzo ya kucha huendelea kunuka hata ikisuguliwa vipi, kwa hiyo ibadilishwe.